Riga ya Mjomba

Mjomba wangu alisoma uhandisi Moscow miaka ya sabini, kwenye kile chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba, na katika yote aliyorudi nayo, mawili hayakuisha mdomoni mwake: baridi na dagaa. Dagaa wa moshi, wamelazwa ndani ya mafuta kwenye kopo bapa, vichwa vimekatwa, na juu ya kopo jina la mji ambao hakuwahi kuufikia: Riga. Kopo moja watu wanne, mkate mweusi na chai ya rangi. Nilipomwambia semina yetu itafanyika Riga, mji mkuu wa Latvia, hakuuliza semina ya nini. "Niletee kopo," akasema, halafu akanifundisha Kirusi cha dharura: habari, asante, bei gani.

Kirusi hicho ndicho kilichoniponza.

Asubuhi ya kwanza niliingia mgahawa mdogo usio mbali na Mnara wa Uhuru. Binti aliyenihudumia alikuwa na miaka ishirini na kidogo, mchangamfu, ananiuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi na kama baridi ya Oktoba naiweza. Alipoweka kikombe mezani nikamjibu kwa mbwembwe, kwa asante ya mjomba: "Spasibo!" Uso ukafunga. "Kwa Kilatvia ni paldies," akasema polepole, akaenda zake. Hakunitukana, lakini nilijiona kama mtu aliyeingia msibani anapiga mluzi.

Mgahawa ule upo mtaa wa Brīvības, yaani Mtaa wa Uhuru. Wajerumani walipoushika mji wakati wa Vita vya Pili waliupa mtaa huo jina la Hitler. Wasovieti waliporudi, wakaupa la Lenin. Mtu wa Dar es Salaam hili halimshangazi. Samora yetu ilianza ikiitwa Unter den Akazien, Waingereza wakaifanya Acacia Avenue, uhuru ukaja na Independence Avenue, ndipo ikawa Samora. Kilichonishangaza mimi ni kwamba sikuwahi kukaa nikafikiri kuwa mkoloni wa mtu anaweza kuwa Mrusi. Kwetu mkoloni alikuwa na sura inayojulikana, na Mrusi alikuwa upande wa pili wa picha, ndiye anayekuletea bunduki umfukuze.

Riga hawasemi "enzi za ukomunisti" kama tusemavyo sisi wageni. Wanasema nchi ilikaliwa kwa mabavu. Wana makumbusho mazima ya kukaliwa huko, kuanzia 1940 hadi 1991: Wasovieti, kisha Wajerumani, kisha Wasovieti tena.

Ukipanda mtaa huohuo unafika nambari 61, jengo zuri la mwaka 1912 lililopinda kwenye makutano ya njia mbili. Wenyeji wanaliita Nyumba ya Kona. Lilijengwa liwe maduka na makazi ya wenye uwezo, likaishia kuwa ofisi ya usalama wa taifa wa Kisovieti, ile KGB. Ukiingia unaonyeshwa sanduku la barua, ambamo watu walidumbukiza maombi ya kuulizia ndugu zao waliochukuliwa, na wengine walidumbukiza majina ya majirani. Sanduku moja kwa yote mawili. Chini kuna mahabusu. Mama aliyetuongoza alitueleza kwamba taa haikuzimwa usiku wala mchana na joto liliachwa lipande makusudi, kisha akatuingiza watu tisa kwenye chumba kimoja na kufunga mlango kidogo tu, tuone. Mlango ule ni mzito, una kidirisha cha kuchungulia, na sauti yake ukifungwa ninayo mpaka leo. Mwishoni alitupeleka kwenye kijichumba kando ya uani ambako watu walipigwa risasi mwaka 1941, huku lori likiunguruma nje ili mtaani wasisikie.

Na hao ni wa nyumba moja. Usiku wa Juni 14, 1941, walibebwa watu wapatao 15,000 nchini Latvia, na Machi 1949 wakabebwa wengine zaidi ya 40,000, wengi wao wakulima, wanawake na watoto, kwa mabehewa ya treni hadi Siberia.

Nilitoka nikakaa kituo cha basi nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Babu yangu alikata mkonge Muheza hadi mgongo ukapinda. Mwanawe akawa mhandisi bila kulipa hata senti, kwa sababu Moscow ililipa. Silaha za Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, zilishuka bandarini kwetu. Hayo siyakani, na mtu akinitaka niyakane tutagombana. Lakini mfuko ni ule ule. Uliolipa ada ya mjomba ndio uliolipa umeme wa ile taa isiyozimwa, na miaka yote sisi tumeisimulia nusu yetu kama ndiyo hadithi nzima.

Siku ya nne nilikwenda Soko Kuu kutafuta kopo. Ni mabanda matano makubwa mno, yaliyofunguliwa 1930 kwa kutumia vyuma vya mabanda ya zile ndege-puto za Wajerumani, zeppelin. Ukiingia banda la samaki unadhani umefika Feri, soko la samaki la Dar, ila hakuna anayekuvuta shati. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa moshi nilimpa "paldies" yangu mpya, kwa adabu zote. Akatabasamu kwa shida. Mjukuu wake aliyekuwa akimsaidia akaniambia kwa Kiingereza: "Ongea naye Kirusi, atafurahi." Basi nikatoa akiba yote ya mjomba, bibi akacheka hadi akapangusa macho, akaniongezea samaki wa bure.

Bibi huyo amezaliwa Riga. Baba yake aliletwa kiwandani baada ya vita. Uhuru uliporudi 1991, uraia ulirudi kwa waliokuwa raia kabla ya Juni 1940 na vizazi vyao. Wengine waombe, wafanye mtihani wa lugha na historia. Yeye hakufanya, na hati yake ya kusafiria inasema asiye raia. Mjukuu ni raia. Kila Mei 9 alikuwa akipeleka maua kwenye mnara wa ushindi wa Wasovieti dhidi ya Wajerumani, ng'ambo ya mto Daugava, wenye urefu wa mita 79. Serikali iliuangusha Agosti 2022. Nilikwenda kuona: nyasi, na mbwa anayekimbizwa na mwenyewe.

Mnara ule hata mimi ningeuangusha. Hati ya bibi hapana. Wamakonde waliokwenda kukata mkonge pwani ya Kenya waliishi huko vizazi kwa vizazi bila kitambulisho, mpaka walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Mtoto wa kibarua hakumtuma baba yake.

Nimerudi na makopo mawili. Mjomba aligeuza la kwanza mara tatu akitafuta herufi za Kirusi, akakuta Kilatvia. Nikamsimulia Nyumba ya Kona, mlango na sanduku la barua. Nilitegemea abishe, maana kwa Wasovieti huwa hakubali kushindwa. Akafungua kopo, akanusa, akanyamaza.

"Bwenini tulikuwa na kijana wa huko," akasema baadaye. "Ukimuuliza kwao, wenzake wote wanasema Umoja wa Kisovieti. Yeye anasema Riga. Riga tu." Akachovya mkate kwenye mafuta. "Mimi nilidhani anaringa."