Gesi haizuiwi na ringi peke yake, inazuiwa na bolti

Juzi nilikuwa kwa dogo mmoja mchonga vyuma pale Unga Limited, hapa Arusha, akaja bosi na ringi ya chuma ameifunga kwenye gazeti, ringi ya flenji (vile visahani vya chuma vinavyounganisha mabomba kwa bolti) ya mtambo wa CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, imeshapondeka, mstari unaong'aa unauona kabisa pale ilipokaa kwenye mfereji wa flenji. Anataka ipigwe msasa, ipitishwe leiti (mashine ya kuchonga chuma) kidogo, iondoke leo leo. Dogo akamwambia mzee hii imeshamaliza kazi yake. Bosi akajibu chuma hakiozi, tutakaza tu zaidi.

Hiyo "tutakaza tu zaidi" ndo imenikaa kichwani mpaka naandika.

Ringi ile inaziba kwa sababu ni laini kuliko flenji, ikibanwa inakubali kupondeka na kujaza mikwaruzo midogo midogo ya mfereji. Ikishapondwa inakuwa ngumu na sura yake imeshabadilika, kwa hiyo ukiilazimisha mara ya pili anayeumia ni mfereji, na flenji ndo yenye hela nyingi. Ringi ni ya mara moja. Hapo sina mjadala.

Ila watu wakishanunua ringi mpya wanadhani wamemaliza, na mimi nasema kazi bado kabisa, maana kinachoshika gesi ni bolti. Chukua ringi yenye kipenyo cha milimita 100, gesi iko presha ya baa 200, yaani kama mara 200 ya presha ya hewa, piga hesabu: flenji zinasukumwa ziachane kwa nguvu ya karibu tani 16. Tani 16! Kinachozuia ni zile bolti tu, na zinazuia kwa sababu zimevutika kama mpira wa manati na zinataka kurudi. Bolti isiyovutika haijabana kitu hata kama spana imegoma kuzunguka.

Na huo mvuto wenyewe ni mdogo sana jamani. Bolti ya milimita 200 kati ya nati na nati ikikazwa vizuri inavutika kama theluthi ya milimita basi. Sasa fundi kaacha rangi chini ya nati, rangi inabonyea, ringi nayo inajikalisha, jumla sehemu moja ya kumi ya milimita imeondoka, yaani karibu theluthi ya nguvu yako imepotea na hakuna aliyegusa kitu. Bolti fupi ya milimita 60 ndo kabisa, yenyewe mvuto wake wote ni hiyo sehemu moja ya kumi, rangi ikibonyea umebaki na mapambo. Ndo maana anayechora mtambo wa gesi ya hatari anatakiwa apende bolti ndefu na nyembamba nyingi kuliko fupi nene chache, na rangi ikwanguliwe hadi chuma kabla nati haijakaa.

Halafu kuna msuguano. Nguvu unayoweka kwenye spana, karibu asilimia 90 inaliwa chini ya nati na kwenye nyuzi za bolti, inayofika kuvuta bolti ni kama asilimia 10. Nyuzi kavu zenye kutu na nyuzi zenye grisi, spana ya toki (ile inayoonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani) inasoma namba ileile lakini bolti moja imevutika na jirani yake imelala. Unakaza msalaba, upande huu halafu wa pili, kwanza asilimia 30 ya nguvu unayotaka, kisha 70, kisha 100, halafu unazunguka tena zote. Ukimaliza upande mmoja kwanza ringi inakaa kombo na hairudi.

Tarehe 6 Julai 1988 mtambo wa mafuta na gesi wa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, ulilipuka na watu 167 wakafa. Uchunguzi ulifika kwenye flenji ya kuziba iliyowekwa palipotolewa valvu ya usalama, haikuwa imekazwa vya kutosha. Valvu ilikuwa kwenye matengenezo, pampu ikawashwa. Ndugu zangu, flenji moja.

Haya, nakubali, ringi mpya hazipatikani dukani hapa Arusha, unaagiza Dar au Nairobi, na kila siku mtambo ukisimama bosi anaumia kweli. Na fundi wetu wa leiti anaweza kuchonga ringi safi kabisa, sibishi, ila apewe chuma kinachojulikana ni chuma gani na ugumu wake upimwe, asipewe kipande kilichookotwa skrepa.

Ingine fupi: kupima uvujaji kwa kujaza maji ya presha hakutoshi, gesi inapita pale maji yalipogoma, kwa hiyo pima tena kwa naitrojeni na povu la sabuni. Na ukiona povu, usikaze ikiwa na presha, shusha kwanza.

Dogo alikataa ile kazi, na elfu zake zimeenda kwa mwingine. Nataka walau spana ya toki iliyopimwa usahihi wake iwepo pale mtaani, ya kushirikiana, mafundi wachange. Mwenye nayo au anayejua inapopimwa anitafute, mchango wangu uko tayari.