Kutuma pesa Goma haitoshi, saidia na pale unapolala

Ndugu zangu wa Goma mulioko Ulaya, leo niseme kitu moja yenye inanikaa mu roho tangu miaka.

Nilifika Verviers, Ubelgiji, 2019. Miaka mbili ya kwanza nilijua paka kazi, kulala na kutuma pesa. Mwezi ikiisha natuma, mama anapokea kwa simu, basi nasikia nimemaliza yangu. Kwetu Majengo, mtaa wa Goma, mtu akifiwa hakuna anayengoja kualikwa, wamama wanaingia na sufuria na makala ya kupikia, wababa wanapanga viti wanachanga pesa ya matanga. Huku nikasema wazungu kila mtu na yake, na mimi nikawa vile vile, jirani wa mlango wa pili hata jina yake sikujua.

Halafu 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano ya kwetu Goma, ikalipuka. Usiku muzima niko kwa simu, lava ikasimama karibu na Buhene, pembeni ya muji, tarehe 27 wakaambia sehemu kubwa ya muji ihame na mama akaenda na miguu mpaka Sake, muji mdogo wa jirani, mimi pesa ninayo mkononi lakini hata bidoni yake ya maji siwezi kumubebea.

Miezi miwili haijaisha, 14 Julai, mto Vesdre ukapanda ukaingia mu manyumba za hapa. Nikaona vijana wametoka mbali na ndoo na rakleti za kusukuma maji, hawamujui mtu, wanatoa matope yenye kunuka mafuta ya mazutu. Nikakumbuka 2002 volkano ilipolipuka, tulivyokimbilia Gisenyi, Rwanda, mimi mtoto wa miaka nane, mama mmoja hatumujui akatupatia mkeka na uji. Nikachukua ndoo. Mama mzee mmoja alikuwa na sanduku ya picha za harusi yake zimeshikamana, tukakaa kwa ngazi tukazisafisha moja moja na maji ya chupa. Akauliza natoka wapi. Nikasema Goma, akasema volkano yenu niliiona kwa televizyo, akanishika mkono akauliza na jina langu.

Tangu pale kila Jumamosi niko mahali wanagawa chakula. Mwanzo ile mambo ya fomu na zamu ilinikera kabisa, kusaidia kunaandikiwa ratiba? Lakini nimeona faida yake, hata mutu asiye na ukoo wala kanisa anapata sanduku yake, na kwetu mutu wa vile anaweza kulala njaa bila mtu kujua, tuseme ukweli. Ila hawa wa huku nao wangejifunza kitu kwa mama yangu, maana Februari 2024 watu wa Sake walipokimbia vita alipokea watu sita mu nyumba ya mbao ya vyumba viwili na hakuuliza karatasi.

Kuko wenye wananiambia unapoteza nguvu kwa watu wenye serikali yao inawalisha, na kwetu kunaungua. Najua kunaungua, tangu Januari 2025 vita ilipoingia Goma sina usiku nalala muzuri, na natuma kuliko zamani. Lakini pesa yangu inafika Goma, mimi sifiki. Mikono yangu iko hapa, na mtu akikaa miaka na mikono imekunjwa anakauka ndani, nimeona wengi wetu wamekauka hivyo mu studio zao.

Jumamosi ijayo niko pale tangu saa tatu asubuhi. Kama uko Verviers ama Liège kuja tu, magunia ya viazi ni mazito na tuko wachache.