Virusi Havikosei Ili Vitukwepe

Kuna neno dogo linalonisumbua kila ninaposoma habari za usugu wa dawa: "ili". Virusi vimejibadilisha ili vikwepe kinga. Bakteria wameongeza mabadiliko ya jeni ili wahimili dawa. Neno hilo hulifanya kosa la kunakili lionekane mpango, na kimeng'enya kilichokosea kionekane fundi mwenye shabaha. Wapo wanasayansi makini wanaolitetea, tena kwa hoja nzito. Lakini upande wa pili, unaosema kwamba kosa ni gharama ya kazi nyingine, haujasikilizwa inavyostahili.

Chukua virusi vya polio. Jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake ya kurithi, ni RNA yenye herufi zipatazo 7,500, na polimerasi, kimeng'enya kinachoinakili, hukosea takribani mara moja katika kila herufi 10,000, bila uwezo wa kurudi nyuma kusahihisha. Kwa hesabu hiyo, karibu nusu ya nakala hutoka zikiwa na kosa walau moja. Mwaka 2006 kundi la Marco Vignuzzi na Raul Andino lilichapisha jaribio ambalo watetezi wa "ili" hulirejea hadi leo. Walitumia virusi vyenye badiliko moja kwenye polimerasi, liitwalo G64S, linaloifanya inakili kwa usahihi zaidi. Virusi hivyo vilipodungwa kwa panya, vilipata shida kuufikia ubongo. Watafiti walipoviongezea makosa kwa kemikali kabla ya kuvidunga, uwezo ule ukarudi. Wakahitimisha kuwa utofauti wa kijenetiki ndio unaovipa virusi nguvu ya kuleta ugonjwa.

Ni jaribio zuri. Hata hivyo, polimerasi ya G64S ina tabia nyingine iliyopewa uzito mdogo mno: ni ya polepole. Ikiwa virusi ni sahihi zaidi na pia ni vizito kuzaliana, utajuaje ni lipi kati ya hayo mawili lililovizuia njiani? Mwaka 2018 maabara ya Adam Lauring, Chuo Kikuu cha Michigan, ilijaribu kuyatenganisha. Watafiti waliviacha virusi vya G64S vizaliane kizazi baada ya kizazi katika mazingira yanayopendelea wepesi, navyo vikarudia hali ya zamani au vikapata mabadiliko mengine ya kufidia. Kisha wakauliza swali lililo kiini cha ubishi huu: ni nini hasa kinachorudisha ukali wa ugonjwa kwa panya? Kufidia kasi kuliurudisha. Kufidia kiwango cha makosa peke yake hakukuurudisha.

Sioni namna ya kulipita tokeo hilo kwa wepesi. Tumezoea kuambiwa haraka haina baraka, lakini ndani ya seli iliyoambukizwa haraka ndiyo baraka yenyewe, kwa kuwa kinga ya mwili iko njiani na anayechelewa kunakili hukutwa. Polimerasi inayosita kuhakiki kila herufi hupitwa na ile inayopachika na kusonga mbele. Makosa hufuata kasi kama vumbi linavyofuata gari, na hakuna aliyeliendesha gari kwa ajili ya vumbi.

Isitoshe, kama makosa yangekuwa hazina, kuyaongeza kidogo kungevinufaisha virusi, au walau kusingevidhuru sana. Mwaka 2001 Shane Crotty, Craig Cameron na Andino huyohuyo walivipa virusi vya polio dawa ya ribavirini, ambayo huipotosha polimerasi. Makosa yalipoongezeka mara 9.7, uwezo wa jenomu hizo kuambukiza ulishuka kwa asilimia 99.3 baada ya mzunguko mmoja tu. Asilimia 99.3! Kiumbe kinachoporomoka hivyo kwa kusukumwa hatua chache kinaishi ukingoni mwa shimo, na ukingo huo mwanasayansi Manfred Eigen alikuwa ameshauonyesha kwa hesabu tangu mwaka 1971. Virusi vya korona, vyenye jenomu ndefu ya herufi karibu 30,000, vina kimeng'enya cha kusahihisha makosa. Bila shaka kisingedumu humo kama makosa zaidi yangekuwa faida.

Kwa bakteria hali ni tata zaidi. DNA ya *E. coli* inapoharibika, protini LexA, inayouzuia mfumo wa dharura uitwao SOS, hukatwa na seli huuwasha mfumo huo. Humo huzalishwa polimerasi za IV na V, zinazokosea mno zikilinganishwa na ile ya kawaida. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba bakteria ambao LexA yao haiwezi kukatwa walishindwa kujenga usugu dhidi ya antibiotiki ya siprofloksasini ndani ya panya. Hoja hiyo ina uzito, na inatoa wazo la dawa ya kuzima SOS ambalo linafaa kufuatiliwa. Lakini polimerasi V huchelewa kuingia kazini, baada ya njia sahihi za ukarabati kupewa nafasi, na kazi yake ni kuvuka sehemu ya DNA iliyoharibika ambapo polimerasi ya kawaida hukwama. Seli isiyovuka inaweza kufa. Anayeruka ukuta nyumba ikiungua akavunjika mguu hakuruka kwa ajili ya kuvunjika.

Kuna mahali ambapo "ili" inastahili, na ni haki kupataja. Mwaka 2002 maabara ya Jeff Miller, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), ilieleza virusi vinavyoshambulia bakteria wa *Bordetella*, ndugu wa wale wa kifaduro. Bakteria hao hubadili sura ya nje, hivyo virusi vinahitaji kubadili protini ya kujishikizia. Vina kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA na kukosea karibu pale tu penye herufi A, kisha kipande hicho kilichobadilika huingizwa kwenye jeni ya protini hiyo. Kiolezo chenyewe, yaani kipande cha asili kinachonakiliwa, hubaki salama. Protini zinazoweza kutokea hukadiriwa kufikia trilioni 10. Hapo kosa limewekewa mipaka, mahali na kazi. Ukiulinganisha mtambo huo na polimerasi ya polio, inayokosea popote, hata kwenye jeni zisizovumilia kuguswa, utaona kwa nini nakataa kuviita vyote viwili kwa jina moja la mkakati.

Sikatai kwamba makosa hutudhuru. VVU hubadilika kiasi kwamba dawa moja hushindwa haraka, ndiyo maana wagonjwa hupewa mseto wa dawa: badiliko mahususi likitokea mara moja katika nakala 100,000, matatu kwa pamoja yangehitaji nakala 1,000,000,000,000,000. Matokeo hayo ni ya kweli hata kama hakuna aliyeyakusudia.

Ubishi huu una uzito pia nje ya maabara. Chanjo mpya ya matone ya polio, nOPV2, iliyoidhinishwa na WHO kwa matumizi ya dharura mwaka 2020, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Miongoni mwa marekebisho yake ni badiliko la kuifanya polimerasi inakili kwa usahihi zaidi, ili virusi vya chanjo visirudie ukali kwa urahisi. Kama kundi la Lauring liko sahihi, swali la kuwauliza wanaofuatilia virusi hivyo ni hili: mbali na kuhesabu makosa, je, wanaipima pia kasi?