Mvua ikigonga bati, Baba Mdogo alitoka nje

Baba Mdogo alirudi Mafinga kutoka vita vya Kagera mwaka 1979 akiwa mzima, mikono miwili, miguu miwili. Nyumbani wakachinja, wakashukuru. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Nilipopata akili nilimkuta hivi: mvua kubwa ikianza kugonga bati usiku, ndani hakai. Anatoka, anasimama chini ya mparachichi, analowa mpaka mvua ikatike. Bibi alikuwa anamfuata na khanga, hasemi neno, anamfunika mabegani na baridi ile ya kwetu. Asubuhi yuko shambani, ukimwambia "kamwene" anaitika vizuri tu. Baadaye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukamzidi. Kijijini wakasema damu za watu zinamdai, wengine wakasema karogwa. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale, mbuzi wawili wakaenda. Mama Mdogo aliondoka na watoto, na simlaumu hata kidogo. Aliwahi kuamka usiku amekabwa shingo na mtu aliye usingizini.

Ule ulikuwa ugonjwa, ule wa kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, kwa Kiingereza PTSD. Kwake kelele za bati zilikuwa risasi, na mwili ulishakimbia kabla hajawaza lolote. Madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu kwenye mwongozo wao rasmi mwaka 1980, mwaka mmoja tu baada ya yeye kurudi. Kwa hiyo wazee wa wakati ule nawasamehe. Sisi wa leo tuna kisingizio gani?

Maana vijana wetu bado wanaenda. Tangu 2013 wamo kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Desemba 2017, baada ya shambulio kwenye kambi yao ya Semuliki, taifa liliaga majeneza 14. Majeruhi walikuwa zaidi ya 40. Mimi nawawaza zaidi wale waliomwona mwenzao akianguka pembeni yao, wakarudi bila mkwaruzo, wakapanda basi kuja Iringa, Njombe, Mbeya.

Tiba ipo. Mgonjwa anakaa na mtaalamu, analisimulia tukio tangu mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka akili ikubali kwamba limepita. Haitaki mashine, inataka mtu aliyesomea na muda wa kutosha. Ninachodai ni mtu huyo apatikane hospitali ya wilaya, Mafinga, Makambako, Tukuyu, askari asilazimike kufunga safari hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, jina ambalo likitajwa tu huku kwetu mtu keshaitwa kichaa. Na mke aelezwe kabla mume hajafika: akiweweseka usimshike, simama mbali, mwite kwa jina lake.

Baba Mdogo tulimzika mwaka juzi. Mama Mdogo alikuja msibani, nikamweleza haya tukiwa jikoni, tunachambua mchele. Alinyamaza muda mrefu, mikono imesimama juu ya ungo.

"Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Mimi nilijua ananichukia."