Kurudia nguo si aibu: begi dogo linatosha harusi ya Tanga na baridi ya Lushoto

Kinachojaza mabegi yetu ya safari, kwa maoni yangu, ni hofu ya kurudia nguo. Mtu anakwenda harusi ya siku tatu na begi la magurudumu lililovimba mpaka zipu inakataa kufunga. Ukimuuliza, anakwambia: "Ijumaa wameshaniona na hii, Jumapili nitavaa nini?" Hofu hiyo naipinga kwa moyo wote. Aliyependeza Ijumaa atapendeza na Jumapili, mradi nguo ni safi, imepigwa pasi na imemkaa.

Nichukue safari ninayoifahamu: kutoka Dar hadi Tanga kwenye harusi, kisha Lushoto kusalimia wazee, mwezi wa saba. Ni safari inayompima mpakiaji. Tanga ni pwani, na hata kipindi hicho cha ubaridi jua la mchana linakutoa jasho. Ukitoka hapo ukapita Muheza, Segera na Korogwe, ukifika Mombo barabara inaanza kupanda milima ya Usambara, na Lushoto yenyewe iko kwenye kimo cha karibu mita 1,400. Usiku wake unataka sweta na blanketi. Wengi wakisikia hivyo wanatoa mabegi mawili, moja la joto na moja la baridi. Mimi nasema kibegi kimoja cha mgongoni kinatosha, na utapendeza kote kuwili.

Kazi inaanzia kwa fundi cherehani, wiki kadhaa kabla ya safari. Harusi zetu zina sare, na sare ndiyo nguo tunayoipoteza kuliko zote: gauni refu lenye mikono ya mapambo, linavaliwa saa tano, halafu linakaa kabatini mpaka panya walijue. Mwambie fundi akukatie kitenge hicho vipande viwili, sketi na blauzi, na kinachobaki kiwe kilemba. Usiku wa harusi unavaa vyote pamoja, na hakuna atakayekutofautisha na wenzako. Kesho yake sketi unaivalia fulana nyeupe ya pamba, ukatembee mjini. Ukifika Lushoto, blauzi inakaa juu ya suruali ya jinzi na sweta juu yake. Kitambaa kimoja kimekupa mavazi matatu, nawe hujaongeza hata gramu. Mkono wenye mapambo makubwa, ule unaosimama kama bawa, mwambie fundi auache. Haukunjiki, na ukiukunja haurudi ulivyokuwa.

Halafu kuna kanga. Hapa sina subira na wanaosema kanga ni nguo ya nyumbani tu. Doti moja, vipande viwili, inachukua nafasi ndogo kuliko taulo, na kazi yake haina mwisho: unajifunga ukitoka bafuni, unajifunika kwenye basi kiyoyozi kikizidi, unajitanda ukiambiwa kuna msiba mtaa wa pili na lazima mpite. Asubuhi ya harusi, akina mama wanapokaa uani kuchambua mchele na kumenya vitunguu vya pilau, mwenye doti safi iliyopigwa pasi ndiye aliyevaa vizuri kuliko wote. Gauni lenye shanga pale linakuwa mzigo kwa mwenyewe na kwa wenzake.

Ila uichague mapema. Kanga mpya haifai safari: bado ina wanga, ngumu, hainyonyi maji, na vipande viwili havijakatwa wala kupindwa. Ifue mara mbili tatu kwanza, ilainike. Na usome jina kabla ya kuikunja, hasa ukienda ukweni. Ukipita mbele ya mawifi umejifunga "Hasidi hana sababu", hakuna atakayeamini kwamba uliipenda kwa sababu ya rangi ya pindo.

Rangi ndiyo inayoamua kama nguo chache zitatosha. Mimi huchukua rangi ya sare kama mwenyeji, nyingine zote ziifuate. Sare ikiwa ya bluu yenye manjano, basi suruali iwe bluu nyeusi, fulana nyeupe, mtandio wa manjano, na kanga iliyo na moja ya rangi hizo. Kila kipande kivaliwe na kila kipande. Lile gauni jekundu unalolipenda, ambalo halipatani na kingine chochote begini, litakudai viatu vyake, pochi yake na hereni zake. Libaki nyumbani.

Kwenye vitambaa sina jibu moja. Krepu haikunjamani na inakauka upesi, lakini joto la Tanga ndani yake ni adhabu. Pamba inapumua, ila inataka pasi. Nimeegemea pamba, kwa sababu kwa ndugu pasi haikosekani, iwe ya umeme au ya mkaa. Dera nalo linafaa: jepesi, pana, unalikunja likawa kama ngumi, na jioni ukiwa na mtandio mzuri umeshavaa. Fulana iliyofuliwa usiku ikaminywa ndani ya kanga kavu, mara nyingi asubuhi inavalika.

Viatu jozi mbili, basi. Raba unazivaa safarini, kwa kuwa ndizo nzito, na ndizo zitakazokufaa kwenye miteremko ya Lushoto. Sandali za ngozi zenye urembo kidogo zinakaa begini kwa ajili ya harusi. Viatu vya visigino virefu kwenye uwanja wa mchanga chini ya turubai vinamtesa mvaaji, na baada ya saa moja karibu wote wameshavivua. Sweta na koti la jinzi navyo uvivae au uvishike mkononi. Visiingie kwenye begi.

Wanaume wana kazi rahisi zaidi, na hawana kisingizio. Kanzu nyeupe na kofia zinatosha kwa ndoa, suruali moja ya kitambaa na mashati mawili yanatosha kwa yaliyobaki, na kikoi cha kulalia. Kanzu ikunjwe kwa kuviringishwa.

Anayesafiri kwa ndege atayaona haya yote kwa macho kwenye mzani. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 za mkononi, na ndege ndogo zinazokwenda mbugani huishia kilo 15 kwa mizigo yote, tena ndani ya begi laini lisilo na fremu. Vimiminika vya mkononi kwa safari nyingi za kimataifa havizidi mililita 100 kwa chupa. Marashi ya mafuta ya kichupa kidogo yanapita bila shida na yanadumu mwilini kuliko ya kupuliza. Kwenye basi hakuna mzani, ila kuna wapagazi wa stendi, kuna buti lililojaa vumbi, na kuna bodaboda wa mwisho wa safari anayeliangalia begi lako kabla ya kutaja bei.

Nirudi kwenye suala la kuonwa. Najua picha siku hizi zinabaki, na wako watakaosema "si ndiyo ile sketi ya Ijumaa?" Waambie ndiyo, ni ile ile, na fundi wake ni fulani. Bibi zetu walikuwa na doti yao ya kutokea, ikajulikana kuwa ni yao, wakaheshimiwa ndani yake miaka na miaka.

Na safari zetu haziishii kwenye mavazi. Unaondoka Tanga umefungiwa vyakula vya harusi, unateremka Lushoto na karoti, viazi na maparachichi ambayo wazee wamekuchumia wenyewe. Kumwambia bibi begi limejaa nguo, kwa hiyo parachichi zake zibaki, ni jambo nisiloliweza. Ndiyo maana ninapofunga begi Dar, robo yake naiacha tupu.