Hifadhi Misimbo ya Akiba Kabla ya Kufurahia Ulinzi wa Hatua Mbili

Watu wengi wanaowasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwenye akaunti kwa nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili, mara nyingi namba sita kutoka kwenye simu, huona kazi imekwisha mara tu namba sita za kwanza zinapokubaliwa, ilhali kwa maoni yangu hapo sehemu iliyo muhimu zaidi huwa bado haijaguswa. Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyeyapata. Miaka michache iliyopita simu yangu ilizima na haikuwaka tena, na ndani yake ndimo ilimokuwa programu ya pekee iliyoweza kunipa namba za kuingilia kwenye barua pepe yangu. Nenosiri nililikumbuka vizuri, tena lilikuwa refu na imara, lakini halikunifaa kitu. Siku nilipoweka ulinzi ule, ukurasa ulinionyesha orodha ya misimbo ya akiba, yaani namba za dharura za kuingilia pale simu inapokosekana, na kunishauri niihifadhi, nami nikabonyeza kitufe cha kuendelea kwa sababu nilikuwa na haraka. Haraka hiyo ilinigharimu siku tisa za kujaza fomu na kuthibitisha kwamba mimi ndiye mwenye akaunti, huku huduma nyingine nilizojaribu kuingia zikinielekeza kwenye barua pepe ile ile nisiyoweza kuifungua.

Baadaye nilijifunza kwa nini simu iliondoka na kila kitu. Msimbo wa QR unaousoma kwa kamera siku ya kwanza hubeba siri moja, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu, ambayo tovuti huitunza upande wake na simu huitunza upande wake. Tangu hapo pande hizo mbili hazihitaji kuwasiliana ili kupata namba: kila upande huchukua siri ile, huipitisha katika hesabu moja pamoja na saa ya wakati huo, na kwa kawaida kila baada ya sekunde 30 hutoa namba sita zinazofanana. Utaratibu huu umewekwa wazi katika waraka wa kiufundi RFC 6238 wa mwaka 2011, ndiyo maana programu ya kampuni moja hufanya kazi na tovuti ya kampuni nyingine, na ndiyo maana namba hupatikana hata simu isipokuwa na intaneti. (Anayehangaika na namba zinazokataliwa aanze kuangalia saa ya simu yake, kwa maana ikiachana na saa ya kweli hata kwa dakika chache, hesabu haiwezi kulingana.) Lakini kama siri hiyo imekaa ndani ya simu moja tu, simu ikifa nayo imekufa. Baadhi ya programu, ikiwemo Google Authenticator tangu mwaka 2023, zinaweza kuhifadhi nakala ya siri hiyo mtandaoni, jambo ninaloliunga mkono. Hata hivyo, nakala ya ufunguo inapowekwa ndani ya akaunti ile ile inayofungwa na ufunguo huo, aliyefungiwa nje hana pa kushika.

Kuna wanaodhani dawa ni kupokea namba kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa laini inaweza kurudishwa hata kifaa kikipotea. Hoja hiyo ina ukweli, na mtu asiye na njia nyingine ni heri aitumie kuliko kubaki na nenosiri peke yake. Tatizo ni kwamba laini inayoweza kurudishwa kwako inaweza pia kupewa tapeli aliyemlaghai mhudumu wa kampuni ya simu. Mwezi Agosti mwaka 2019 namba ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, ilitekwa na watu wakachapisha maneno ya matusi kwa jina lake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, iliiweka njia hii katika kundi la zile zenye masharti, kwa sababu ya hatari za namna hiyo.

Njia ninayoipendelea kwa akaunti kubwa ni funguo za siri (passkeys) zinazokaa ndani ya simu au kompyuta, au kifaa kidogo cha usalama kinachochomekwa, kwa kuwa ufunguo wa aina hiyo umefungamanishwa na anwani halisi ya tovuti na hauitikii ukurasa wa bandia, hata mwenyewe akiwa amedanganyika. Namba sita hazina kinga hiyo, kwani anayeziandika kwenye ukurasa wa tapeli amempa mlango. Maombi yanayotokea kwenye simu mtu anapoingia, ya kubonyeza "kubali" nayo yana udhaifu wake: katika uvamizi wa mifumo ya kampuni ya usafiri ya Uber wa Septemba 2022, mkandarasi mmoja alitumiwa maombi mfululizo mpaka akakubali moja.

Lawama kubwa nazielekeza kwa wanaobuni kurasa hizi. Wanaijua hatari ya mtu kufungiwa nje, na bado huiacha misimbo ya akiba mwishoni, mahali ambapo mtumiaji amechoka na anaona kitufe kikubwa cha kumaliza. Inafaa misimbo itangulie, na ulinzi usiwashwe mpaka mtumiaji aandike mmojawapo kutoka mahali alipoihifadhi, kama ushahidi kwamba kweli anayo. Dakika mbili za ziada ni kero ndogo, nami nina hakika wengi wanaozima ulinzi huu kwa hofu ya kupoteza simu wangeuacha ukiwaka laiti wangejua wana njia ya kurudi.

Kabla mabadiliko hayo hayajafika, itabidi kila mmoja ajipangie mwenyewe. Anza na barua pepe, kwa sababu huko ndiko viungo vya kubadilishia nenosiri za akaunti nyingine hutumwa. Andika misimbo ya akiba kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako, wala usiipige picha ukaiacha ndani ya simu ile ile unayojikinga na kupotea kwake. Sajili kifaa cha pili ikiwa unacho. Kisha, siku hiyo hiyo, ukiwa bado umeingia kwenye kifaa kimoja, jaribu kuingia kwa kifaa kingine ukitumia msimbo mmoja wa akiba. Msimbo huo hautatumika tena, kwa hiyo ukate. Karatasi yangu ilikuwa na misimbo kumi. Wa kwanza una mstari wa kalamu juu yake, na tisa iliyobaki naijua ilipo.