Gitaa la Umeme na Kifaa cha Moyo: Wanabishania Sumaku, Hatari Iko kwenye Soketi

Mpiga gitaa akitoka Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, akiwa na pesimeka, kifaa kidogo kinachopandikizwa kuendesha mapigo ya moyo, chini ya mtulinga, ubishi huanzia nyumbani. Ndugu hutaka gitaa la umeme liuzwe kwa kuwa lina sumaku, ilhali wenzake wa bendi au kwaya husema hizo ni mbao na nyuzi tu, apige kama zamani.

Wanaoogopa sumaku hawajakosea kabisa. Sumaku ikikaribia mno, pesimeka kwa kawaida huacha kuufuatilia moyo na kuuendesha kwa mwendo mmoja uliopangwa, na kifaa cha kushtua moyo, ile aina nyingine inayoupiga moyo shoti ukienda ovyo, husitisha kazi hiyo ya kushtua mpaka sumaku iondolewe. Hata hivyo, umbali unaoshauriwa kwa kawaida ni sentimita 15, na sumaku za gitaa lililoning'inia usawa wa tumbo huwa mbali zaidi ya hapo, mradi mpigaji asiliinamie. Amplifaya ipewe sentimita 30 au zaidi. Ajabu ni kwamba mkanda wa kulibebea gitaa hautajwi: kwa anayetumia mkono wa kulia, hupita bega la kushoto, ambako ndiko kifaa hupandikizwa mara nyingi, na kilo 4 za gitaa kukandamiza kidonda kibichi ibada nzima si jambo dogo.

Wanaosema apige kama zamani, kwa upande wao, wanausahau umeme wenyewe. Nyuzi za gitaa la umeme huunganishwa na chuma cha amplifaya, na kupitia hapo na waya wa ardhi, yaani ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Sasa tazama ekstensheni inayotumika kanisani au kwenye harusi: mara nyingi waya huo haukufungwa, au jenereta imeunganishwa kwa haraka umeme ulipokatika. Amplifaya ikivuja sehemu ya zile volti 240, mpigaji aliyeshika nyuzi akagusa maikrofoni kwa midomo, mkondo hupita kifuani. Mwenye moyo mzima anaweza kuhisi mtekenyo tu, akacheka na kusogea. Kwa mwenye kifaa, mtekenyo huohuo unaweza kusomwa kama mapigo: pesimeka ikanyamaza ikidhani moyo unajiendesha wenyewe, au kifaa cha kushtua kikampiga shoti asiyoihitaji.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuuza gitaa kabla ya fundi wa umeme kukagua soketi, na kabla ya daktari kutazama mwenendo wa kifaa kwenye skrini mgonjwa akiwa anapiga. Transmita isiyotumia waya nayo hukata njia ya mkondo kati ya gitaa na amplifaya, ilimradi antena yake isikae karibu na kifua. Lakini kwa mtu ambaye moyo wake hautapiga ipasavyo pesimeka ikinyamaza, na ukumbi wake hauna waya wa ardhi, nakubaliana na ndugu zake: apige gitaa kavu, lisilotumia umeme, hadi ukumbi utengenezwe, na mchungaji asimsukume.